Barua ya wazi: Sangara naye anakula dagaa

Kwa wenye dhamana ya usimamizi wa uvuvi,
Ziwa Victoria, upande wa Tanzania.

YAH: MGAO WA DAGAA KWA AJILI YA SANGARA

Waheshimiwa,

Salaam. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwendesha boti. Huwapeleka wageni kuvua sangara kwa fimbo na mshipi katika maji ya kusini-magharibi mwa ziwa, Ghuba ya Emin Pasha hadi kwenye visiwa vinavyotazamana na Rubondo. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na sita sasa. Kabla yake nilikuwa kijana wa karabai: nilivua dagaa kwenye mtumbwi wa tajiri, nikalipwa kila giza lilipokwisha na mbalamwezi kuturudisha nyumbani. Mama yangu alianika dagaa mchangani na karo yangu ilitoka humo humo. Nayasema haya mapema ili asitokee wa kusema kwamba huyu ni mtu wa watalii, hawajui wavuvi wa dagaa, au anawaonea gere.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za mwanzo niliandika kwa mkono na kuzipeleka mwenyewe, na moja niliyo na nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kwenye mkutano mmoja wa hadhara mwaloni, pale tunaposhushia samaki, nilisimama nikauliza, nikajibiwa kwamba jambo langu ni la kitaalamu na litafanyiwa kazi. Tangu siku hiyo mwezi umeandama mara nyingi. Ndiyo maana leo naandika mahali ambapo kila mtu atasoma.

Neno langu ni moja. Mnapopanga habari za dagaa mnahesabu mitumbwi, nyavu, taa, magunia na soko. Mlaji aliyemtangulia binadamu kwenye sahani hiyo, yaani sangara mwenyewe, hayumo katika hesabu. Halafu sangara akikonda au akitoweka mahali, tunaulizana nani kamvua.

Hoja zangu ni hizi.

1. Samaki kula sana si dalili kwamba samaki ni wengi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mnapopotoshwa, na mimi nimechangia kuwapotosha.

Sisi tukisema samaki "wanakula" tuna maana ya kwamba wanashika ndoano. Sasa, kuna majira ambapo dagaa wamejaa kiasi kwamba mashine ya boti inayoonyesha samaki kwa mwangwi huchora wingu jeusi chini yetu kuanzia mita chache hadi karibu na tope. Ndege wavuvi, minandi, wanazama na kuibuka, furukombe hata hawahangaiki kuruka mbali. Siku kama hizo sangara wapo, unawaona chini ya wingu, lakini ukikokota chambo bandia mbele ya mdomo wake anakitazama tu. Kashiba. Mgeni aliyetoka mbali ananuna, anabadilisha chambo mara kumi, jioni ananiuliza kama kweli ziwa hili lina samaki. Ila yule mmoja atakayeshika, mwinue umtazame: mgongo umejaa hadi kisogoni, tumbo kama mtungi, na akitapika botini anatapika dagaa wabichi.

Kuna majira mengine dagaa wamekatika. Maji yako wazi, mashine haichori kitu. Hapo sangara anashika chochote kinachotikisika: chambo chekundu, cheupe, kijiko cha bati kilichochubuka rangi. Wageni wanafurahi, picha zinapigwa, bakshishi inakuwa nzuri. Lakini mshike yule samaki. Kichwa kikubwa, kiwiliwili kama cha mtu mwingine. Ngozi imelegea kwenye mbavu. Ukikuta aliyekufa na kumpasua, tumboni ni tupu, au mna uduvi kidogo, au mna sangara mdogo urefu wa kiganja. Anakula watoto wake.

Mwisho wa majira kama hayo huletwa fomu. Wageni wangapi, samaki wangapi. Majira ya njaa fomu inajaa, majira ya shibe fomu inakuwa na nafasi tupu. Anayesoma ofisini anaona kwamba mwaka wa njaa ndio ulikuwa mwaka mzuri. Nakiri kwamba fomu hizo nilizijaza kwa mkono wangu miaka yote, na sikuongeza hata mstari mmoja wa kueleza, maana hapakuwa na mahali pa kuandika. Kisha hufuata majira ambapo hata wale wenye njaa hawapo, na hapo ndipo simu zinapigwa kuuliza kimetokea nini.

Urefu bila uzito haumsemi samaki. Sangara wawili wa sentimita 90 wanaweza kuachana kilo kadhaa, na tofauti hiyo ni chakula.

2. Dagaa wa ziwa zima hawamlishi sangara wa ghuba moja.

Najua jibu lililo tayari kwenye ulimi: dagaa wapo tele. Nami nakubali. Dagaa ana maisha mafupi, anazaliana haraka, na leo ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaotolewa Ziwa Victoria. Nazifahamu pia safari za meli za utafiti zinazopima samaki kwa mwangwi chini ya ushirikiano wa nchi zetu tatu. Sibishani na vipimo hivyo. Sijasema dagaa wameisha.

Nasema ziwa lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800, na wastani wake hauniambii kitu kuhusu ghuba ninayoamkia. Dagaa wachanga hupenda maji ya karibu na nchi kavu. Mitumbwi nayo hupenda huko huko, kwa sababu petroli ni ghali na upepo wa nje unaua watu. Wavu ukishushwa usiku karibu na mwambao, na ndani yake umeshonewa kipande cha matundu madogo kuliko milimita 8 za sheria, unatoka na vitu viwili kwa pamoja: dagaa ambao hawajazaa hata mara moja, na sangara wachanga urefu wa kidole. Mlo na mlaji katika ndoo moja. Mwaloni wanaitwa "mchanganyiko" na bei yake ni ya chini.

Tena dagaa wenyewe wameshatujibu kwa namna yao. Watafiti wameonyesha kwamba dagaa wa sasa hupevuka akiwa na umbo dogo kuliko wa zamani, kabla sangara na nyavu hazijamwandama. Anayekomaa akiwa mdogo ni samaki anayejua kwamba hatapewa muda. Kwa sangara mkubwa, yule ambaye mgeni wangu anamtafuta, wingu la dagaa wadogo ni sawa na kumlisha mtu mzima karanga moja moja. Atatumia nguvu nyingi kuliko atakachovuna.

3. Taa zimekusanyika pale pale anapowinda.

Mchana dagaa hushuka chini, jua likizama wanapanda juu kufuata wadudu wa majini, na sangara hupanda nyuma yao. Kwenye miamba iliyozama na midomo ya ghuba ndipo wanapokutana. Zamani karabai zilikuwa chache na zilikula mafuta ya taa, mtu aliwasha kwa kupima. Sasa taa za sola zimekuwa rahisi, zinaelea juu ya vyelezo kwa safu, na usiku wa giza mwamba mmoja unaweza kuzungukwa hadi ukadhani ni mji. Sitaki zizimwe. Mwanangu mwenyewe yuko kwenye moja ya mitumbwi hiyo. Nataka miamba michache ibaki na giza lake.

4. Ziwa hili limeshatufundisha, na maziwa ya wenzetu pia.

Sangara aliletwa humu katika miaka ya 1950 na 1960. Alikuta furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hili, wa aina zaidi ya 500, akawala. Miaka ya 1980 furu walianguka, na inakadiriwa kuwa aina karibu 200 zilipotea. Wazee wetu walioona kipindi hicho wanasimulia sangara wakubwa wakionekana kila upande, kisha wakaanza kukonda. Akageukia uduvi, dagaa na wanawe. Kuanzia miaka ya 1990 furu wameanza kurudi sehemu sehemu, na sangara naye amewarudia. Nawakuta tumboni mwake hasa kwenye maji ya mawe. Maana yake samaki huyu hufuata chakula, na chakula kikihama naye anabadilika: ukubwa wake, mahali pake, tabia yake ya kushika ndoano.

Mgeni mmoja kutoka Michigan, mzee aliyekuwa na subira kuliko wote niliowahi kuwabeba, alinisimulia habari za kwao nami baadaye nikazisoma. Katika maziwa makubwa ya Marekani na Kanada walipandikiza samoni tangu miaka ya 1960 ili wale kisamaki kidogo kinachoitwa alewife, na ukazuka uvuvi wa burudani ulioendesha miji midogo ya bandari. Mwaka 2003 na 2004 kisamaki hicho kiliporomoka katika Ziwa Huron. Samoni wakafuata, wageni wakafuata samoni, na bandari zikabaki na boti zilizofungwa. Wasimamizi wa Ziwa Michigan la jirani walijifunza kutokana na hayo: hupima visamaki kila mwaka, na mwaka 2013 walipunguza samoni wanaopandikizwa kwa takriban nusu, kusudi midomo ilingane na chakula. Haki isemwe pia kwamba huko Huron kuondoka kwa kisamaki hicho, ambacho kilikuwa mgeni, kuliwapa nafuu samaki wa asili. Kwa hiyo si hadithi ya hasara tupu. Ila wao wana mlango wanaoweza kuufunga, wanapunguza vifaranga. Sisi sangara wetu anajizalia mwenyewe. Kitu pekee tunachoweza kukipunguza au kukiongeza ni wavu.

5. Dagaa wengi wanaotolewa majini hawafiki tumboni mwa mtu.

Masika yanapoingia, nendeni mkatazame mchangani. Mvua inawakuta dagaa wameanikwa, wanaoza kabla ya jioni, na wanaookolewa wanauzwa kwa bei ya kutupa wakawe chakula cha kuku. Dada zetu wanalia, kesho yake mitumbwi inalazimika kuvua zaidi ili kufidia. Vichanja vya kuanikia vingepunguza hasara hii. Nashangaa kwamba katika mjadala wote wa "kulinda rasilimali" kichanja cha miti na wavu chakavu hakitajwi.

Sasa kuhusu majibu ninayoyatarajia.

Mtaniambia kwamba hamwezi kuwanyima maelfu ya wananchi kitoweo cha bei nafuu kwa ajili ya wageni wachache wenye fimbo. Hoja hiyo ni nzito na wala siipuuzi. Lakini sangara ninayemtetea ndiye huyo huyo anayeuzwa viwandani Mwanza na kwingineko, ndiye anayetoa mabondo, yaani vile vibofu vya hewa vya samaki vinavyouzwa ghali, ndiye anayeajiri vijana kwenye mialo isiyoona mtalii hata mmoja. Mimi na wageni wangu tunamrudisha majini. Kazi yangu ni kama kengele tu: kwa kuwa tunawashika wakubwa mmoja mmoja na kuwatazama machoni, sisi ndio wa kwanza kuona wamekonda.

Mtasema sangara si wa asili, alikula furu wetu, kwa nini alishwe? Swali zuri, na mtu wa furu ana haki ya kuniuliza. Ninyi hamna. Sheria yenu inakataza kumchukua sangara wa chini ya sentimita 50, na watu wamelipa faini kwa hilo. Mmeshaamua kumlinda. Kumlinda mtoto asivuliwe huku mnamnyang'anya uji ni ulinzi wa aina gani?

Mtasema ziwa ni la nchi tatu, hatuwezi kuamua peke yetu. Kenya wana msimu wa kufunga uvuvi wa dagaa, ambao wao huwaita omena, kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai; hawakusubiri wote tukubaliane. Na hapa kwetu, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na nchi jirani zikaingia. Ilikuwa miezi migumu kwa watu wa Kigoma. Mimi siombi kitu kikubwa kama hicho, wala sidhani kufunga Ziwa Victoria lote ni busara. Naonyesha tu kwamba neno "haiwezekani" limeshatumika vibaya.

Mtasema hakuna fedha. Mengi ninayoomba hapa chini hayahitaji hata gari.

Naomba yafuatayo:

(a) Fomu za boti za kitalii na za mialoni ziwe na nafasi ya uzito kando ya urefu, na nafasi ya kuandika kilichoonekana tumboni au kilichotapikwa. Mizani ninayo. Madaftari yangu ya miaka yote, yenye tarehe, hali ya mwezi, upepo na hali ya samaki, nitayatoa bure kwa mtafiti yeyote mtakayemtuma, mradi arudishe.

(b) Miamba michache na midomo ya ghuba itakayochaguliwa pamoja na BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo) za eneo letu isiwashwe taa wala kushushiwa wavu wa dagaa kwa miaka miwili ya majaribio. Wanaoijua miamba hiyo ni wavuvi wenyewe, waulizwe wao, na boti zetu za kitalii nazo zizuiwe humo kwa kipindi hicho hicho. Nisionekane nimejitengea shamba. Maji ya Hifadhi ya Rubondo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, yamekuwa mazalia mazuri ya samaki. Tunahitaji vituo vidogo vya namna hiyo nje ya mpaka wake, kwa sababu dagaa na sangara hawasomi mabango.

(c) Ukaguzi wa matundu ya milimita 8 uanzie dukani na ghalani. Nimeshuhudia nyavu zikichomwa mwaloni, moshi mweusi, vijana wamekaa chini wameshika vichwa. Aliyewauzia alikuwa dukani kwake siku hiyo akiuza nyingine.

(d) Matokeo ya vipimo vya dagaa na sangara yatolewe kwa kanda, kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye ubao wa BMU. Tunasikia kwamba ziwa limepimwa. Hatujawahi kuambiwa ghuba yetu imeonekanaje.

(e) Vikundi vya kina mama vinavyoanika dagaa vikopeshwe au visaidiwe vichanja kabla ya masika yajayo, na mwaloni utakaovikubali uwe wa kwanza kufikiriwa kwenye majaribio ya (b), ili anayeacha kuvua mwamba mmoja aone faida kwenye dagaa asiooza.

(f) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60. Hata jibu la kukataa, lenye sababu, nitalisoma hadharani mwaloni kama nilivyosoma barua hii.

Sina chama nyuma yangu, na tajiri wa boti ninayoiendesha hajanituma. Nadhani hatapenda akiisoma. Mkitaka kuona kabla ya kujibu, njooni siku za giza. Tutaondoka saa kumi na moja jioni, tutazunguka taa usiku, na alfajiri tutapita juu ya miamba ile ile mkiwa mmeitazama mashine kwa macho yenu. Kisha tutavua sangara mmoja, tumpime, tumrudishe. Mafuta nitaweka mimi. Leteni makoti, usiku kule nje kuna baridi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwendesha boti ya uvuvi wa kitalii,
Ghuba ya Emin Pasha.

Nakala: Wenyeviti wa BMU za mialo ya jirani, vikundi vya waanika dagaa, wavuvi wenzangu wote.